Kinacholika Katikati

Usiku mmoja mpwa wangu anayeishi Nairobi alinitumia picha tatu bila salamu, kama walivyo vijana wa simu. Ya kwanza ilikuwa difu ya Toyota iliyofunguliwa, vigia vyake vya ndani vimechomelewa hadi vikawa donge moja la chuma. Ya pili ilikuwa difu ya pleti, imetandazwa juu ya gazeti, pleti baada ya pleti, kama sarafu za mama anayehesabu mauzo ya siku. Ya tatu ilikuwa difu ya gia tupu, meno yake yamekatwa mshazari, inang'aa, ghali hata kwa kuitazama. Chini yake aliandika: "Mjomba, wewe ungechukua ipi?"

Anaunda gari la ralikrosi na wenzake watatu, katika karakana ya kukodi. Ni Toyota Corolla ya miaka ya 1980, ile inayosukumwa na magurudumu ya nyuma, ambayo Wakenya huiita DX. Mimi si mtu wa mbio. Sijawahi kukaa ndani ya gari la mashindano hata likiwa limezimwa. Lakini nimekulia juu ya lori. Baba alikuwa shofere kati ya Bukavu na Uvira, na likizo zangu za shule zilikwisha nyuma ya lori lake, kazi yangu ikiwa kuruka chini na kigingi kila liliposimama mlimani. Kijana alijua anamuuliza nani. Habari za kasi angezipata kwingine. Kwangu alitaka kujua ipi haitamwaibisha.

Sikumjibu usiku ule. Swali lilinirudisha nyuma miaka mingi, nikajikuta Luberizi.

Asiyeijua njia ile afuatane nami kidogo. Ukitoka Bukavu, juu kule kando ya Ziwa Kivu, unapita Nyangezi, kisha unashuka Ngomo kwa gia ndogo na dua kubwa, mpaka Kamanyola. Hapo joto linakupokea. Milima inabaki kulia kwako, na kushoto bonde la Ruzizi linafunguka hadi ng'ambo, Burundi. Unapita Luvungi, Luberizi, Sange, Kiliba, ndipo uione Uvira na Ziwa Tanganyika, ambalo liko chini ya Ziwa Kivu kwa karibu mita 700. Wenye haraka na karatasi kamili walizoea kuvuka mpaka, wakapita Bugarama upande wa Rwanda juu ya lami, wakarudi Congo pale Kamanyola. Lori la baba halikuwa na haraka, wala karatasi.

Luberizi ina kambi ya wanajeshi, soko, mihogo, mpunga, na mto wenye jina hilohilo unaoshuka kutoka milimani kuitafuta Ruzizi. Udongo wa bonde lile, mahali pengi, ni mweusi. Kiangazi hupasuka nyufa za kuingiza mkono. Mvua ikinyesha, unanata na kuteleza kwa wakati mmoja, na njia iliyobeba lori asubuhi, jioni haimbebi mbuzi.

Hapo ndipo tulipokwama, na si mara moja. Ila ninayoikumbuka ni moja. Lori lilikuwa limelalia upande wa kulia, tairi za nyuma za upande huo zimezama hadi kwenye nati. Zile za kushoto zilikuwa juu ya ardhi ngumu, iliyoshindiliwa, yenye changarawe. Baba alikanyaga mafuta. Upande wa kulia ukazunguka kwa hasira, ukarusha matope hadi juu ya turubai na juu ya shati langu. Upande wa kushoto, wenye ardhi njema chini yake, wenye kila sababu ya kutuondoa pale, haukutikisika. Nilikuwa na miaka kumi hivi, na nilizichukia zile tairi za kushoto kwa moyo wote. Niliziona zina uvivu. Nikamwambia baba: "Papa, hizi za huku hazitaki kazi."

Alicheka, akashuka, akaipiga tairi ya kushoto teke la kirafiki. "Haina kosa hii. Inapewa kilekile anachopewa mwenzake."

Sentensi ile niliibeba miaka bila kuielewa.

Difu ipo kwa sababu ya kona. Gari likikata kona, gurudumu la nje lina safari ndefu kuliko la ndani. Yakifungwa pamoja kwenye chuma kimoja, mojawapo litaburuzwa. Mfaransa Onésiphore Pecqueur aliiandikisha dawa ya jambo hilo mwaka 1827, kwa ajili ya gari la mvuke, muda mrefu kabla ya gari la petroli. Mafundi wetu wa Bukavu, waliojifunza kazi kwa Kifaransa, huijumlisha na ekseli nzima wakaiita ponti. Ndani yake kuna vigia vidogo vinavyoelea kati ya gia mbili, kila gia na shafti yake ya kwenda kwenye gurudumu. Vigia hivyo huruhusu gurudumu moja kutangulia na lingine kuchelewa, ilimradi jumla ya mwendo wao ibaki ileile. Ndiyo maana pale topeni, spidomita ikisoma 20 na lori halijasogea hata unyayo, tairi inayorusha matope inazunguka kwa 40. Imejitwalia na mwendo wa mwenzake.

Imejitwalia mwendo, sikusema msokoto, yaani nguvu ya kuzungusha. Hapa ndipo watu hukosea, hata mafundi. Utasikia: difu humpa nguvu mlegevu, humnyima aliye imara. Sivyo. Difu ya kawaida ni hakimu mwadilifu kupita kiasi. Msokoto unaokwenda kulia ni sawa na unaokwenda kushoto, mvua na jua. Tatizo ni kwamba haiwezi kumpa mmoja zaidi ya kile ambacho mwenzake anaweza kukishika, na tope halishiki kitu. Tairi ya kulia inapokea msokoto wa kukorogea uji. Basi na ya kushoto, iliyosimama juu ya ardhi ngumu, inapewa huohuo wa kukorogea uji. Injini inanguruma, moshi unapaa, na haki imetendeka.

Nimeuona mgawanyo huo nje ya magari. Nimekaa katika kamati za harusi ambako, ili pasiwe na maneno, mchango wa kila mtu ulipangwa kwa uwezo wa yule asiye na kitu. Harusi ilikwama, na kila mjumbe aliweza kuapa kwamba hakuna aliyependelewa.

Wapo watakaokushauri uvute handibreki kidogo ukikwama hivyo. Nimejaribu, na mara moja nilidhani imesaidia, kumbe vijana walikuwa wanasukuma nyuma. Handibreki hubana magurudumu yote mawili sawasawa, kwa hiyo unachokipata upande huu unakilipa upande ule. Anayefaidika na breki ni dereva wa trekta, kwa kuwa trekta ina pedali mbili za breki, moja ya kila upande. Gurudumu la kulia likianza kuchezacheza topeni, anakanyaga ya kulia peke yake. Sasa lile la kulia lina kitu cha kushindana nacho, na difu, kwa uadilifu wake uleule, inalipa la kushoto kiasi hichohicho. Trekta inatoka.

Mkulima wa mpunga analijua jambo hili bila trekta. Maji ya mfereji hupenda jaruba la karibu. Akitaka yafike la mbali, hafungi mfereji. Anachota bonge la udongo kwa jembe na kulitupa kwenye mlango wa jaruba la karibu, halafu anasimama, anatazama. Yakiwa bado mengi, anaongeza bonge. Yakiwa kidogo mno, analipunguza kwa kidole cha mguu. Jaruba la karibu bado linakunywa, ila haliruhusiwi kunywa yote. Tangu nimwone mtu akifanya hivyo, sijahitaji kuelezwa tena difu inayobana ni nini, ile ambayo mafundi wengi huitaja kwa herufi zake tatu, LSD. Ni difu yenye bonge la udongo mlangoni.

Swali la mpwa wangu, basi, lilikuwa: bonge kubwa kiasi gani, na la udongo gani?

Na hapo uwanja wenyewe una neno la kusema. Ralikrosi ilizaliwa Lydden Hill, Kent, Uingereza, tarehe 4 Februari 1967, ikiwa mchezo uliotengenezwa kwa ajili ya televisheni, na siku hiyo Vic Elford alishinda kwa Porsche 911. Magari yanaondoka pamoja, ubavu kwa ubavu, yanapiga mizunguko michache, kwisha. Mwaka 2014 ilipata ubingwa wake wa dunia, na mwaka 2017 ubingwa huo ulifika Afrika, uwanja wa Killarney, Cape Town. Kinachoutofautisha mchezo huu na mingine ni ardhi: katika mzunguko mmoja unakanyaga lami, kisha changarawe au udongo, kisha lami tena. Nilipomweleza jirani yangu mmoja, mtu wa bonde, akaniuliza kama ni kweli watu hulipa kiingilio kutazama hivyo. Yeye anapanda taksi kila wiki na anayaona bure.

Mchanganyiko huo ndio mtihani. Ungekuwa udongo mtupu, ungeichagua difu kali ukalala. Ingekuwa lami tupu, ungechagua laini. Ralikrosi inataka chombo kinachoweza kubadili tabia ndani ya sekunde tatu, na chuma hakina desturi hiyo.

Ile iliyochomelewa ndiyo rahisi kuliko zote. Gharama yake ni umeme na elektrodi chache. Magurudumu mawili yanakuwa kitu kimoja, hakuna wa kutangulia wala wa kuchelewa. Kwenye tope la Luberizi tungeipenda. Kwenye lami kavu, kona ya kwanza tu, gurudumu la ndani linalazimishwa kwenda safari isiyo yake. Linakwaruza, linarukaruka, gari linataka kunyooka wakati dereva anataka kukunja, na mkazo wote unarudi kwenye shafti. Siku moja shafti inakatika, kwa mlio mfupi unaosikika hadi kwa watazamaji. Wapo wanaoshindana nayo miaka na miaka, siwasemi vibaya, wengi hawana pesa ya kitu kingine. Na sisemi kufunga ni kosa. Zipo Land Cruiser za kwetu zenye swichi ya kufunga difu ya nyuma, na dereva mwenye akili huifunga akiwa amekwama, akishatoka anaifungua kabla ya kugusa lami. Donge la elektrodi halina swichi. Umoja wake hauna ruhusa ya kupumzika.

Kijana, nilijua, moyo wake ulikuwa kwenye picha ya tatu. Na ana haki. Difu ya gia za mshazari ni kazi ya akili nzuri. Haina pleti za kusagana. Meno yenyewe, yakisukumwa, hujikaza dhidi ya kasha lake, na hivyo upande wenye ardhi njema unaweza kupewa mara mbili, hata mara tatu ya kile unachokishika upande dhaifu. Haina kelele, haikuvuti usukani, hailiki upesi, na mafuta yake ni ya kawaida. Ukiwa kwenye lami utadhani haipo. Ila isome tena hiyo sentensi: mara tatu ya kile unachokishika upande dhaifu. Gari la ralikrosi hupanda ukingo wa kona na kuruka vilima, na gurudumu la ndani huning'inia hewani. Gurudumu lililo hewani linashika sifuri. Sifuri mara tatu inabaki sifuri. Nusu sekunde hiyo, difu ya bei kubwa inafanana kabisa na ile iliyokuwa chini ya lori la baba. Dereva mjuzi hugusa breki kwa mguu wa kushoto huku mafuta yamekanyagwa, ili kulipa lile gurudumu la hewani kitu cha kuzidishwa, na hapo, tofauti na difu ya kawaida, breki ya pande zote mbili husaidia kweli. Lakini hiyo ni kusema kwamba chombo kinahitaji kila upande ulete chochote mezani ndipo kifanye kazi.

Inabaki ile ya gazetini.

Difu ya pleti inastahili kutazamwa kwa karibu, kwa maana uzuri wake hauonekani kwenye picha. Pleti zimepangwa kwa zamu: moja imeshikwa na kasha, inayofuata imeshikwa na gia ya gurudumu, moja ya kasha, moja ya gurudumu. Zikibanwa, kasha na gurudumu hulazimika kukubaliana. Zikiachiwa, kila mmoja na lake. Nani anazibana? Vigia vya katikati vimekaa juu ya misumari minene, na misumari hiyo imelala ndani ya pete mbili za chuma zilizochongwa mabonde ya mteremko. Injini ikisokota, misumari inajaribu kupanda mteremko, inazisukuma pete kando, na pete zinazibana pleti. Ukikanyaga mafuta zaidi, zinabanwa zaidi. Mteremko ukichongwa kwa nyuzi 30, kubana kunakuwa kukali. Nyuzi 60, kunakuwa kwa upole. Na mteremko wa upande mmoja hufanya kazi dereva akikanyaga mafuta, wa upande wa pili akiachia, kwa hiyo fundi anaweza kuchagua difu iwe kali wakati wa kusukuma na pole wakati wa kupunguza mwendo. Juu ya hayo kuna springi za bamba zinazozikaza pleti kidogo hata injini ikiwa kimya, na ni huo ukazo mdogo wa mwanzo unaolisaidia gurudumu la ardhini mwenzake akiwa hewani.

Pleti hazikatai tofauti. Gurudumu la nje litatangulia kwenye kona, la ndani litachelewa, ila kwa kulipia, na anayelipia si gurudumu la kulia wala la kushoto. Kila mara magurudumu mawili yanapotofautiana, pleti ndizo zinazosuguana. Joto linakuwa lao. Unga mwembamba wa chuma unaotoka ni mwili wao. Mafuta yanayogeuka meusi yameungua kwa ajili yao. Magurudumu yanaumaliza mzunguko yakiwa mazima, na aliyekuwa katikati amepungua.

Nilipofika hapo katika kufikiri, sikuwa tena na gari kichwani.

Bonde la Ruzizi lina watu wake wa katikati. Ng'ombe wameingia kwenye mahindi usiku, mwenye mahindi ameshika panga, mwenye ng'ombe ameita nduguze. Kabla jua halijapanda, mzee fulani amekwishaamshwa. Anakwenda shambani kuhesabu mashina yaliyolala, anakwenda zizini kunywa maziwa asiyoyatamani, anakaa chini ya mti kutoka saa tatu hadi saa kumi akisikiliza maneno aliyoyasikia mwaka jana kwa majina mengine. Mwisho wanakubaliana debe fulani la mahindi, au fedha fulani. Wanaondoka. Mwenye shamba anasema mzee amekula kwa wafugaji. Mwenye ng'ombe anasema mzee ni wa wakulima. Na wiki ijayo ataamshwa tena.

Si mbali na Luberizi pana kijiji kiitwacho Mutarule. Usiku wa tarehe 6 Juni 2014 waliuawa pale watu zaidi ya 30, wanawake na watoto wakiwamo. Baada ya usiku kama ule watu huuliza wazee walikuwa wapi. Sijamsikia aliyeuliza walikuwa wamechoka kiasi gani, wala ni lini mara ya mwisho mtu aliwapelekea hata nauli.

Sitaki kulifanya janga la watu kuwa mfano wa gari, na nikihisi nimeanza kufanya hivyo naacha. Nasema tu kwamba tangu usiku ule wa picha tatu siwezi kusikia fundi akisema difu ya pleti "ina shida ya kulika" bila kukunja uso. Kulika ndiyo kazi yake. Shida ni ya mwenye gari anayependa gari litoke kwenye kona vizuri lakini hajaweka akiba ya mafuta.

Kesho yake nilimpigia. Nilimwambia achukue ya pleti.

"Mjomba, hiyo ndiyo yenye gharama za kila mara."

"Najua."

"Ya gia unafunga unasahau."

"Ndiyo maana siitaki. Utasahau."

Akanyamaza. Kisha akaleta hoja ya kishujaa, kama nilivyotarajia: kwamba kwa udongo wa Kenya anataka mteremko mkali kabisa, nyuzi 30 mbele na nyuma, chombo cha kiume. Nikamkumbusha Safari Rally ya mwaka 1984, maana amelelewa kwa hadithi hizo. Audi Quattro, yenye kusukumwa na magurudumu yote manne, ilikuwa imekwisha kuwatia hofu watu Ulaya nzima. Safari ikachukuliwa na Björn Waldegård kwa Toyota Celica ya magurudumu mawili ya nyuma, wa pili akawa Rauno Aaltonen kwa Opel Manta, nayo ya magurudumu mawili, na Audi ya Hannu Mikkola ikaja ya tatu. Mwaka 1985 Celica ileile ilishinda na Juha Kankkunen, mwaka 1986 na Waldegård tena. Na kabla yao wote, mwaka 1965, Joginder Singh na nduguye Jaswant walikuwa wameishinda kwa Volvo iliyokwishatumika na watu wengine. Sikumwambia kwamba nguvu haina maana. Nilimwambia ardhi haiulizi gari lako linaogopesha nani.

Tukashuka kwenye mambo yenyewe. Gari lake ni jepesi, kama kilo 900 likishavuliwa viti. Nyuzi 45 upande wa kusukuma zingemtosha. Upande wa kuachia mafuta uwe mpole zaidi, 60 au hata juu yake, kwa sababu difu inayobana kwa nguvu wakati wa breki hulifanya gari limtulie mtu kwenye udongo, kweli, lakini akiingia kona ya lami litaenda moja kwa moja kama fahali aliyeona majani. Ukazo wa mwanzo uwe mdogo, aongeze akiona haja. Kuongeza ni kufungua na kubadili bamba moja. Lakini aliyeanza na mwingi huizoea difu mbaya, akaanza kuilaumu barabara.

Kabla ya kulifunga gurudumu, nilimtaka afanye jambo moja. Gia iwe huru, gurudumu moja chini, lingine juu ya jeki, handibreki imeachiwa. Achukue spana ya kupimia msokoto, ile yenye mshale, aiweke kwenye kitovu cha gurudumu lililo juu, aivute polepole mpaka kitovu kianze kuzunguka, asome namba. Aiandike kwenye daftari, na tarehe. Ndiyo nguvu ya pleti zikiwa mpya, kabla hazijakutana na magurudumu.

"Daftari, Mjomba? Niweke kwenye simu?"

"Daftari. Simu utaibadilisha."

Alipima. Ikasoma 62. Alinitumia picha ya ukurasa, mwandiko wake mbaya kama wa mama yake.

Mbio zake za kwanza hazikuwa na la kusimulia, alimaliza katikati ya wengine na kioo kimoja pungufu. Siku mbili baadaye ilikuja picha nyingine, safari hii na salamu. Kidumu cha plastiki kilichokatwa juu, nusu kimejaa mafuta ya difu, meusi, na juu yake utandu wa kijivu uliometameta pale mwanga wa mlango ulipogusa. Pembeni, kwenye saruji, daftari lilikuwa limefunguliwa: 62, na chini yake, kwa kalamu ya rangi nyingine, 55.

"Ni kawaida?" aliuliza.

Nilimwandikia kwamba asiyamwage kwanza. Apitishe sumaku, aone kama kuna vipande au ni unga tu, aupake unga huo kati ya vidole viwili. Kisha nikamuuliza, maana hakuwa amesema, gari lilitokaje kwenye ile kona ya mwisho, pale udongo unapokutana na lami.

"Lilitoka tu," aliandika. "Sikusikia kitu."

Nikamuuliza pleti zimebaki unene gani. Hakujibu hadi jioni. Alikuwa chini ya gari.